Chupa ya Meza Namba Saba

Glasi ilikuwa imekwisha kuwekwa mezani kabla Mzee Othmar hajaketi, na haikuwa glasi ya maji. Ilisimama kwa mguu mmoja mwembamba, na pembeni yake kulikuwa na kikadi: "Samaki bila divai ni safari bila mwenza." Mzee akaisogeza mbali kwa ncha ya kidole.

Hakuja mkahawa wa Sahani Tatu kufuata anasa. Alikuja kwa woga. Tangu soko la kahawa lifunguliwe na wanunuzi binafsi waingie Mbinga, mkahawa huo wa Songea ulikuwa umefungua tawi hapa mjini na jingine Mbamba Bay, na kote walipika chungu kimoja kwa watu wote. Othmar aliona ni vigumu mtu kutia sumu chungu cha wengi.

Saa nane baraza la kata lilikuwa lipige kura. Pankras, mnunuzi wa kahawa, alidai kwamba marehemu mume wa Lidia alimuuzia shamba, na alikuwa ameanza kulivuna. Wajumbe wawili walikuwa upande wake, wawili upande wa mjane. Kura ya tano ilikuwa ya Othmar, na mji mzima ulijua itakwenda kwa Lidia. Kura zikilingana, shamba hubaki kwa anayelivuna.

Asubuhi Lidia alikuwa amewaletea wajumbe kikapu cha mihogo ya kuchemsha, maskini, kwa moyo mweupe. Mwenyekiti akakirudisha hata kabla hakijafunuliwa. Mjumbe akionja cha mwenye shauri, kwa kujua au kwa kutojua, anatoka kitini na kura yake haihesabiwi. Othmar aliisindikiza mihogo ile kwa macho, njaa ikimuuma. Walipotoka kwa mapumziko, jirani yake Hyasinti akamvuta kando.

"Chunga, kaka. Nimesikia sokoni kwamba kura yako haitafika jioni."

Sasa mhudumu alikuwa mbele yake, msichana aitwaye Ottilia, kitambaa cheupe mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Niletee ugali na samaki, yule mbasa."

"Na divai ya Dodoma, mzee. Nyeupe au nyekundu?"

Hakuuliza kama anaitaka. Aliuliza rangi tu, kana kwamba kutaka kulikuwa kumekwisha kuamuliwa Songea. Othmar divai aliijua ya altareni, ambayo padri huimaliza mwenyewe.

"Maji," alisema.

Ottilia akaenda meza ya jirani, akammiminia mwalimu mmoja tone la kuonja, bure. Mwalimu akalamba midomo. Meza ya tatu, maneno yaleyale, tabasamu lilelile. Othmar akaanza kupumua. Biashara tu, akajiambia.

Mbasa alipoletwa, chupa nzima ililetwa pamoja naye.

"Hongera, mzee. Kila siku meza moja hupata chupa ya bure. Leo ni namba saba."

Watu wakapiga makofi. Othmar akaitazama ile chupa. Meza zote kumi na mbili, na bahati imeiangukia yake, leo, saa moja kabla ya kura?

Ottilia akazibua, akamimina kidogo, akarudi nyuma hatua moja. "Onja, mzee."

Othmar hakuigusa glasi. Kwao, Umatengo mzima, anayemimina ndiye anayeonja kwanza, mgeni amwone akimeza. Hata mama mkwe huonja mbele ya mkwewe. Anayekupa kikombe kisha akasimama kukutazama, huyo si mwenyeji wako.

"Onja wewe kwanza," alisema.

"Siruhusiwi, mzee. Nikinywa kazini nafukuzwa."

"Basi iondoe."

Meneja, kijana mnene aitwaye Jastin, akaja haraka. "Mzee wangu, ndivyo tulivyofundishwa. Mgeni huonja kwanza, aseme kama imempendeza."

"Aliyewafundisha hakuwa na maadui."

Mwalimu akaitazama glasi yake, akaiweka chini polepole. Mtu wa meza ya tatu akaisukuma ya kwake. Jastin akaona divai yake yote inageuka siki mbele ya macho yake. Akamwashiria Ottilia kwa kidevu.

Msichana akachukua glasi ileile, akanywa yote, akaigeuza juu chini mzee aone.

Othmar hakuwa mtoto. Alikula taratibu, jicho kwa Ottilia. Alimwona akihudumia meza nne, akibeba beseni la vyombo, akicheka na mwalimu. Nusu saa ilipita, na binti alikuwa mzima kama jiwe la mto. Ndipo mzee alipojimiminia kidogo, akanywa. Ilikuwa kali, kisha ikapasha kifua joto.

Akaona haya. Uzee huu, alijisuta, unanifanya nimwone kila mtu mchawi. Akanywa glasi ya pili kwa kumwomba binti radhi, na mwalimu naye akaagiza chupa. Mlangoni Othmar akampa Jastin mkono.

"Mungu awabariki, mwanangu."

Saa nane kamili alikuwa kitini barazani, tumbo limetulia, akili safi. Lidia alikaa mkekani mbele yake, mikono mapajani, akimtazama yeye peke yake. Othmar akamtikisia kichwa kidogo: usihofu, mama, nimefika.

Mwenyekiti akauliza kama kuna neno kabla ya kura. Pankras akasimama bila haraka.

"Lipo, mwenyekiti. Naomba Mzee Othmar aulizwe kama divai niliyomnunulia mchana ilikuwa tamu."