Plasta Kubwa

Daktari alipapasa upande wa kulia, akahamia kushoto, akarudi tena kulia. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta funguo ambazo ana hakika alizitia mfukoni.

Mgonjwa, fundi makochi mwenye mdomo usiotulia, alilala chali akipiga soga. Watoto wanne wanatosha, alisema, na leo anafunga uzazi. Aliyeamua hivyo ni mkewe, na uamuzi wa mama watoto hauna rufaa. Yuko hapo nje kwenye benchi, kampakata kitindamimba, analinda mlango mume asije akachoropoka. Kabla hata hajavua suruali, fundi alikuwa ameshauliza kama plasta itakuwa ndogo au kubwa. Muuguzi alicheka, maana wagonjwa wengine wote huuliza kama itauma.

"Wanafanana na wewe, hao wanne?" aliuliza daktari, vidole vikiendelea kutafuta.

"Hata mmoja. Bahati yao."

Kazi yenyewe haina maajabu. Kila upande kuna mrija mwembamba unaotoka kwenye korodani, unapanda kinenani, unapita nyuma ya kibofu na kufikisha mbegu zinakotakiwa. Ukiupapasa juu ya ngozi unausikia, mgumu kidogo kama kamba ya kiatu. Unaushika, unaukata, unaufunga, mtu anarudi kwake. Daktari alikuwa akiikata mirija hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Fundi hakuwa nayo. Kulia hakuna, kushoto hakuna. Alizaliwa bila.

Mwanamume wa namna hiyo hampi mke wake mimba, hata aombewe na mji mzima, na hapo nje kitindamimba alikuwa akiimba. Akisema, anabomoa nyumba ya watu asubuhi asubuhi. Akinyamaza, atakuwa anamchezea shere mtu mwema aliyelala mbele yake. Alimwonea huruma. Akamtuma muuguzi nyuzi, ingawa nyuzi zilikuwa pale pale mezani.

Mlango ulipofungwa, alivuta kiti.

"Bwana fundi, kuna jambo. Sijui nianzie wapi. Hii mirija yako..."

"Haipo," alisema fundi, macho darini. "Niliambiwa hospitali nyingine, mwaka mmoja baada ya harusi. Nilikwenda peke yangu, kimya kimya. Nikarudi nyumbani nimejipanga kumweleza. Nikamkuta mlangoni ananisubiri, anacheka huku analia, ananiambia tutapata mtoto."

Daktari alisogeza kiti karibu zaidi.

"Kwa hiyo chana ngozi tu, kidogo," alisema fundi. "Halafu weka plasta kubwa. Lazima ataikagua."