Uzi wa Chandarua

"Shoga, umeuza shamba? Mbona tingatinga linakwangua?" jirani aliniuliza kwenye simu.

Nilikuwa kwa binti yangu, nalea mjukuu. Nikamcheka. "Shamba nimemwachia mwanangu, wewe. Labda anapanua njia."

Leo mwanangu kanileta nione nyumba yake mpya, niiombee. Mbele ya baraza kuna bustani ya maua, udongo mweusi, laini kama unga. Nikainama niushike. Kidoleni ukanasa uzi wa buluu, na katikati yake fundo.

Shamba letu liko mteremkoni. Kila mvua iliondoka na udongo, mpaka mimi na marehemu mume wangu tulipochimba matuta, tukayakinga kwa vyandarua vikuukuu vya buluu. Fundo lile la kuzungusha mara mbili alilifunga yeye. Ujana wetu wote uliishia pale, tukirudishia samadi na majani, hadi udongo ukawa mweusi.

"Udongo huu umeutoa wapi?"

"Nyumbani, mama. Wa juujuu tu." Akacheka. "Shamba si lipo palepale? Limekimbia?"

"Na matuta?"

"Sasa tingatinga lingepitaje, mama?"

Mkewe akatokea mlangoni. "Mama, tuombee basi, chakula kinapoa."

Wakashikana mikono, wakafumba macho, wakanisubiri. Upande wa shambani kwetu wingu lilikuwa limeshatanda, na radi inanguruma.

Nikaufunga ule uzi kwenye pindo la nguo yangu, nikalifungua geti taratibu, nikatoka, wao wakiwa bado wameinamisha vichwa.