Picha ya Tunu Ukutani

Siku hizi kila nyumba ina picha za wenyewe sebuleni. Hazina macho wala pua, ni marangi tu yanayojichora kufuata moyo wa mtu ulivyo. Mgeni akiingia anaangalia ukuta kwanza, ndio anasalimia.

Picha ya mke wangu Tunu ni kijivu na mabaka meusi. Nikimuuliza, anasema, "Mimi mzima bwana, we kula." Nimeleta kuku, nimeleta kitenge, hadi vichekesho nimejaribu. Kijivu kilekile.

Juzi nilitoka, nikarudi kuchukua kofia ya pikipiki. Dirishani nikaiona picha yake imejaa njano, kama kiini cha yai la kienyeji. Nikakohoa. Njano ikaanza kufifia kabla hata sijashika mlango.

Jana jioni nilikaa nje, mvua inaninyeshea, nachungulia. Njano imetulia. Simu ikaita.

"Uko wapi, mume wangu? Ubwabwa unapoa."

"Bado niko kazini."

"Haya. Usiwe na haraka."

Picha ikazidi kung'aa. Mimi nimesimama pale, ufunguo mkononi.