Kwa Ndege, Kabla ya Saa Sita

Shemeji alikandamiza rula juu ya ramani kwa nguvu, kikombe kikaruka, chai ikafurika miji yote miwili.

"Kilomita mia tatu na kumi," akasema. "Umekwisha, shemeji."

"Na moja zaidi ukizunguka tumbo lako," mume akajibu. "Safari imeanza saa moja na nusu. Kabla ya saa sita kamili tutajua nani kaisha."

Vita vyao vilikuwa halali kabisa. Shemeji, kaka wa mke, alikuja kusalimia kwa wiki mbili. Huu ulikuwa mwezi wa kumi na moja, na kochi la sebuleni lilikuwa limeshachukua umbo lake kama kiatu kinavyochukua umbo la mguu. Ndipo mabwana hao walipopeana mkono mbele ya mke, kwa uzito wa wakuu wa nchi wanaotia saini mkataba wa amani, kila mmoja akijitahidi kuvunja vidole vya mwenzake. Safari ikikamilika kabla ya saa sita, shemeji abebe virago. Ikichelewa hata dakika moja, shemeji ahamie chumbani, mume na mke walale kwenye kochi.

Binamu alikuwa amepiga simu kutoka mji wa pili: tayari wameruhusu, mawingu machache, upepo wa mbele.

"Upepo wa mbele!" shemeji akachekelea. "Kilomita mia tatu, karibu saa tano angani? Basi lingekuwa limeshafika, abiria wameshaoga."

"Basi linazunguka mlima. Angani hakuna kona."

"Ndege huchelewa, bwana. Ndege hupotea. Unajua mwenyewe."

"Kama wewe unaiona njia ya jikoni gizani, hakuna kiumbe kinachoweza kupotea hapa duniani."

"Fungeni midomo, nyote wawili!" mke akafoka. Asubuhi hiyo alikuwa ametandika kitanda mara mbili na kukitandua mara mbili.

Zilipobaki dakika kumi, mngurumo ukapita juu ya paa, vioo vikatetemeka. Mume hakugeuza hata shingo.

"Hiyo je?" shemeji akauliza, midomo imepinda kwa dharau.

"Si hiyo, na unajua si hiyo."

Jasho lilikuwa limeanza kumtoka mume. Shemeji aliliona, akalifurahia. Akanyanyua mto wake kutoka kwenye kochi, akaubeba kwa heshima zote kama anayebeba taji, akaenda kuulaza kitandani upande wa mume. Akarudi akipiga miayo.

"Kaka, bado dakika mbili," mke akasema.

"Hizo nimewaachia muomboleze."

Akafungua dirisha, akatoa kichwa nje hadi mabegani ili autangazie mtaa mzima kwamba anga ni tupu kama ahadi za mwenye nyumba.

"Majirani!" akapaza sauti. "Hebu tazameni juu! Kuna anayeona chochote? Maana mimi sioni hata..."

Ndege akatua juu ya kichwa chake, kikaratasi cha binamu kimefungwa mguuni, akakunja mbawa, akajisaidia.