Gunia la Mbwa Mwenye Choa

Mbwa alipopatwa na choa mgongoni, Paka, aliyejiona msafi kuliko maji ya kisima, alimfukuza barazani.

"Toka na uchafu wako! Ila gunia lako la kulalia liache, lina joto."

Mbwa akaenda kwa Mbuzi, aliyejua kila jani la mtaa kwa ladha yake. Mbuzi akaponda majani ya mwarobaini kwa kwato. "Jipake kila asubuhi, na usijirambe hata ukiwashwa vipi."

Mbwa akavumilia mwezi mzima. Manyoya yalipoota, akarudi barazani kichwa juu.

"Unanuka majani!" Paka akafoka. "Nani kakuruhusu?"

"Sikuja kuomba ruhusa. Hapa ni kwangu pia."

Paka akajikuna. Sikio lake lilikuwa na kipara cha mviringo, na mkiani vilikuwapo vingine vitatu. Lile gunia lilikuwa limemwambukiza.

"Ndugu yangu," akanong'ona, "nigawie hiyo dawa."

"Nitakugawia," Mbwa akasema, akijinyoosha katikati ya baraza. "Utanuka kama mimi. Na huo ulimi ulionitukana utaufungia kinywani mwezi mzima, maana dawa hii hairambwi."