Sindano Ilipopanda

Barnabé alifika Likasi akiwa hoi. Serikali ilikuwa imemtuma akague kipande cha chuma chenye mionzi, ambacho kiwanda kilikitumia kupimia mabomba. Akikiona mahali pake, atie sahihi leseni mpya, arudi zake.

Ghalani alifungua sanduku zito la madini ya risasi, la kuzuia mionzi, akasogeza kipimo chake cha mionzi. Sindano haikutikisika. Sanduku lilikuwa tupu.

"Citoyen inspecteur, tia tu sinyatire," mkurugenzi wa kiwanda alimwambia, macho pembeni. "Benzako banatiaka bila kufungua."

Barnabé alishika kalamu. Alikuwa amechoka kubishana na wakurugenzi, na kitanda kilikuwa kinamwita.

Hapo mlinzi akaingia kufunga ghala, na kipimo kikaanza kulia. Sindano ilipanda hadi mwisho, ikabaki pale ikitetemeka.

"Papa, uko na nini mu mufuko?" Barnabé alimuuliza mlinzi.

Mlinzi alicheka kwa haya, akatoa kichuma kidogo chenye kung'aa. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimebabuka, kama za mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Nilikiokotaka hapa chini, patron. Kiko kizuri."

"Kiweke mu sanduku. Sasa hivi." Barnabé akafunga kifuniko mwenyewe. "Unatembeaka nacho kila siku?"

"Hapana. Leo tu. Siku zote kinabakiaka kwa nyumba, bibi yangu anakivaaka mu shingo. Iko na mimba."

Barnabé aliirudisha leseni kwa mkurugenzi bila sahihi.

"Lete gari, tuende kwa bibi yake," alisema.