Dakika Moja ya Kumkomoa Baba

"Jina la mgongoni liwe la baba au la mama?" mtunza vifaa aliuliza kwa mara ya pili, jezi ikiwa tayari mezani.

"La mama. Na ulibandike vizuri, lisomeke mpaka ng'ambo."

Mtunza vifaa akacheka. Kijana alikuwa na siku tatu tu kwenye kambi ya timu ya taifa, na wenzake walikuwa wameshambatiza Chai ya Maziwa kwa sababu ya rangi yake. Utani huo haukumuudhi. Aliyekuwa akimuudhi ni yule aliyeleta maziwa.

Baba yake alikuwa mgeni aliyekuja kwa kazi ya miaka miwili. Aliondoka mimba ikiwa na miezi mitano na hakuleta tena hata salamu. Mtoto akalelewa kwa cherehani ya mama. Lakini alipofunga mabao kumi na tisa katika msimu wake wa kwanza wa soka ya kulipwa, damu ikawa nzito ghafla. Baba, ambaye siku hizi ni mkubwa katika chama cha soka cha kwao, alijitokeza kwenye televisheni na tai yake shingoni.

"Yule ni mwanangu," alisema. "Nawaahidi, atavaa jezi yetu."

Na nchi ya baba si ya kuchezea. Kombe la Dunia hawalikosi. Huku kwa mama, Kombe la Dunia watu hulitazama kwenye skrini na kugombania rimoti.

Kijana aliirudia video ile mara arobaini, na kila mara alichukia upya.

Kabla hajaitwa kambini, wakala wake alijaribu kumpoza. "Sikiliza, mdogo wangu. Umeshatimiza miaka ishirini na mbili, na ruhusa ya kubadili nchi baada ya kucheza ni ya walio chini ya ishirini na moja. Ukiichezea timu ya taifa ya huku mechi moja ya mashindano, hata kwa dakika moja, kwa baba yako ndiyo basi tena. Sheria haina huruma."

"Dakika moja tu?"

"Moja."

"Basi ndiyo hiyo ninayoitaka."

Haikupita wiki, kocha wa taifa akampigia simu mwenyewe. Huyu alikuwa amekalia kiti chake miaka tisa bila kutingishika, na hata viongozi wa chama walimwogopa.

"Nasikia unataka kuchezea kwenu," kocha alisema.

"Sana, kocha. Hata kwa dakika moja."

"Utaipata. Mimi nikiahidi nimeahidi." Kisha sauti ikalainika. "Mama hajambo? Bado anacheka kwa kuziba mdomo?"

"Hajambo, bado vilevile," kijana alijibu, huku akimsifu moyoni. Kocha anayemchunguza mchezaji mpaka nyumbani kwao, huyo ndiye kocha.

Mama alipoambiwa, aliisimamisha cherehani. "Kocha ni yule yule wa siku zote?"

"Yule yule."

Mama akaukunja na kuukunjua upindo wa gauni la mteja. "Nenda kwa baba yako, mwanangu. Maisha yako yako huko."

Kijana aliumia kweli. Kumbe miaka yote hii mama bado anampenda mtu yule! "Mama, huyo alikutupa."

"Alinitupa mimi. Wewe usijitupe."

Aliondoka bila kumaliza chakula, akiwa na hasira mbili kifuani: ya kwake, na ile aliyoamua kumbebea mama.

Siku ya mechi ya kufuzu aliketi benchi tangu mwanzo. Timu yao ilikuwa mbele kwa mabao mawili, uwanja unaimba. Robo tatu ya mchezo ikapita. Dakika ya themanini ikapita. Aliomba kimyakimya, na dua yake haikuwa ya ushindi. Dakika ya tisini kocha akamgeukia.

"Chai, vua koti."

Aliugusa mpira mara moja tu, kwa kichwa, ukatoka nje. Muda si mrefu filimbi ikalia. Badala ya kukumbatiana na wenzake alikimbilia kwenye kamera, akaipa mgongo, akalionyesha lile jina kwa vidole gumba viwili.

Simu ilimkuta chumba cha kubadilishia nguo.

"Umefanya nini, mwanangu?" baba aliuliza. "Niliwaahidi watu. Wanasubiri uje."

"Na wewe onja, baba. Onja ladha ya kumsubiri mtu asiyekuja."

Akakata. Akapanda juu ya benchi akacheza na buti zake miguuni, wenzake wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini. Hakuna bao lililowahi kumpa raha kama ile.

Nje ya mlango mama yake alikuwa akimsubiri, mkoba ameukumbatia. Aliyetangulia kutoka ni kocha. Alipomwona alisimama, akaiweka sawa kola ya shati, akatabasamu kwa adabu.

"Hujambo, mchumba," alisema. "Miaka ishirini na tatu leo. Uliniachia kadi za harusi mkononi, ukamfuata mgeni wako."

Mama akaukaza mkoba kifuani. Ndani, mwanawe alikuwa akiimba kwa sauti kuliko wote, na kocha aligeuza kichwa kidogo kumsikiliza.

"Mwache afurahi," alisema. "Dakika yake ndiyo ile, na maadamu mimi nipo kwenye kiti hiki, hapati ya pili."